Kituo cha soka Ilemela: mafunzo mazuri, makaratasi dhaifu

Kituo ninachokiandikia tathmini hii kipo Ilemela, upande wa barabara iendayo uwanja wa ndege, na kinapokea watoto wa miaka 10 hadi 17 kwa mazoezi ya baada ya shule. Jina lake sitalitaja, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si mazuri na uongozi umeniahidi kuyarekebisha, na pia kwa sababu mzazi wa Mwanza anayetafuta mahali pa kumpeleka mtoto mwenye kipaji atakutana na vituo vingi vinavyofanana nacho: bango lenye picha ya Mbwana Samatta, ada ya mwezi, na ahadi kwamba mtoto "atatoka". Mwanangu amekuwa hapo tangu darasa la saba, sasa yupo kidato cha pili, na anacheza kiungo mkabaji. Kama ningepewa nyota tano za kugawa, ningekipa nne kwa kufundisha mpira na moja kwa kazi ile inayotangazwa kwenye bango, yaani kumfikisha mtoto kwenye soka la kulipwa.

Kiwanja ni cha changarawe, kimebanwa na miamba upande wa juu na kina mteremko kidogo kuelekea ziwani, kiasi kwamba timu inayoshambulia bondeni hupata goli la bure karibu katika kila mechi ya mazoezi. Mzazi anayefika mara ya kwanza hukidharau. Hata hivyo, kinachofanyika juu ya changarawe hiyo kina mpangilio kuliko nilichowahi kukiona kwenye viwanja vyenye sura nzuri zaidi. Watoto hugawanywa kwa umri na si kwa ukubwa wa mwili, makundi ni madogo, na katika nusu saa ya kwanza kila mtoto ana mpira wake mguuni. Baada ya hapo huchezwa wanne kwa wanne ndani ya eneo dogo lililowekewa koni, ambamo mtoto huugusa mpira mara nyingi kuliko angeugusa katika mechi kamili ya watu kumi na mmoja kila upande. Mbio za kupanda mlima, ambazo vituo vingi vya hapa mjini huzipenda kana kwamba watoto wanaandaliwa kwenda jeshini, hazipo kabisa kwa walio chini ya miaka 14. Mara moja moja kituo hukodi saa chache kwenye nyasi bandia za Uwanja wa Nyamagana, jambo ambalo lina maana yake, kwa kuwa mtoto aliyezoea changarawe peke yake akikanyaga kapeti hushindwa kupima pasi, na siku ya majaribio hakuna atakayemsubiri azoee.

Mwalimu mkuu ana leseni daraja D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ngazi iliyo chini ya C, B na A, na hajifanyi kuwa na zaidi ya hiyo. Ninachomsifia ni jicho lake. Mwanangu alipoanza alikuwa akipokea mpira akiwa ameupa mgongo upande wa wapinzani, na kila mara anaurudisha nyuma kwa beki aliyempa. Mwalimu hakumfokea, alimpa kazi moja tu kwa muhula mzima, kwamba kabla mpira haujamfikia atazame juu ya mabega yote mawili na ataje kwa sauti rangi ya kizibao alichokiona nyuma yake. Wenzake walimcheka sana kwa kupiga kelele za "njano" na "bluu" katikati ya mchezo. Siku hizi anageuka na mpira na kuanzisha shambulizi, na kwa nafasi anayocheza hiyo ndiyo tofauti kati ya mchezaji wa kuangaliwa mara ya pili na wa kupitwa.

Makipa hawajapata bahati hiyo. Wanapigiwa mashuti mwishoni mwa mazoezi, wanaambiwa waruke, basi. Hakuna mwalimu wao maalumu, na kudaka krosi au kuanza mchezo kwa miguu hawafundishwi. Wasichana nao hawapokelewi kabisa, jambo linalonishangaza katika jiji lililotoa timu kama Alliance Girls, na katika nchi ambayo Aisha Masaka ametoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022 na kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2024. Kibiashara tu, sioni kwa nini kituo kinawafungia mlango watoto ambao njia yao huenda ni fupi kuliko ya kaka zao.

Kuhusu usalama, kituo kinafanya vizuri kuliko nilivyotarajia. Wakazi wa kandokando ya ziwa tunazijua radi za huku. Mwalimu akisikia ngurumo ya kwanza huwaondoa watoto uwanjani hata kama ni dakika ya mwisho ya mechi, na wazazi wanaolalamika kwamba wamelipia saa mbili kamili huambiwa wazi kwamba hakuna majadiliano. Vilevile amepiga marufuku kuoga ziwani baada ya mazoezi. Watoto huona ni ukali usio na sababu, lakini kichocho kipo katika maji ya ufukwe wetu, na mchezaji anayepoteza damu polepole kwa sababu ya minyoo hiyo huonekana mvivu uwanjani wakati kwa kweli ni mgonjwa. Aliwahi kumwambia mama mmoja mbele yetu, "Mama, huyu si mzembe, mpeleke akapime." Kwa maneno hayo peke yake alistahili ada ya mwezi ule.

Ada yenyewe ni shilingi 35,000 kwa mwezi, na sare ya mazoezi hulipiwa pembeni. Risiti hutolewa, ya mkono lakini yenye namba. Njumu mzazi hununua mwenyewe, na kwa kiwanja hiki nashauri zile zenye meno mafupi mengi ya mpira, ambazo kwenye mitumba ya Mlango Mmoja hupatikana kwa bei ya kawaida. Za meno marefu humchosha mtoto kifundo cha mguu kwenye changarawe na huisha haraka.

Sasa nije kwenye makaratasi, ambako ndiko ninakotaka wazazi wenzangu watulie na kusoma kwa makini, hasa wale wanaodhani kwamba habari hizi ni za mawakala na viongozi wa klabu. Kazi yangu ni ya vitabu vya hesabu, kwa hiyo fomu huwa naisoma hadi mstari wa mwisho. Fomu ya kujiunga na kituo hiki ni ya ukurasa mmoja, na kifungu chake cha mwisho kinasema kwamba kituo "kitamiliki kipaji cha mtoto kwa miaka 10" na kitapata nusu ya mapato yake ya baadaye. Kifungu hicho hakina nguvu popote mpira unapochezwa chini ya kanuni za FIFA. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3, na tangu Mei 2015 mtu au taasisi yoyote isiyo klabu imekatazwa kumiliki sehemu ya haki za uhamisho wa mchezaji. Niliukata mstari huo kwa kalamu, nikasaini pembeni, na uongozi ukapokea fomu bila kuuliza swali, jambo lililonionyesha kwamba hata wao hawakuwa wamefikiri sana walipouandika.

Lakini kifungu kibovu kinakatwa kwa kalamu na kwisha. Kisichokatika kwa kalamu ni kwamba kituo hakijawasajili watoto wake. Hakina klabu iliyo mwanachama wa chama cha soka cha wilaya au mkoa, na majina ya watoto hayajapelekwa popote katika mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba usajili ni mambo ya baadaye, mtoto akishakua. Jibu hilo linaonekana la busara hadi mtu aelewe jinsi soka la kulipwa linavyolipa waliomlea mchezaji.

Kanuni za FIFA zinahesabu malezi ya mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12. Mchezaji anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa katika klabu ya nchi nyingine, klabu zilizomfundisha zinaweza kudai fidia ya mafunzo, na anapohamishwa baada ya hapo hadi mwaka anaotimiza miaka 23, anayeweza kudai ni klabu aliyotoka. Zaidi ya hiyo kuna mgao wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Kwa hiyo mchezaji akiuzwa kwa shilingi bilioni 1, klabu iliyokaa naye miaka minne ya mwanzo hupata shilingi milioni 10, na hupata tena kila anapouzwa kwa namna hiyo. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, na nani alipwe nini hukokotolewa kwa kufuata kumbukumbu za kielektroniki zinazotoka kwenye mashirikisho ya nchi. Huko hakuna anayeuliza ni nani alimnunulia mtoto njumu au ni nani alimfundisha kutazama mabega. Kinachoulizwa ni jina la klabu lililo kwenye pasipoti ya mchezaji, yaani hati inayoonyesha amesajiliwa wapi tangu akiwa na miaka 12. Pasipo usajili, miaka yote ya changarawe ya Ilemela inasomeka kama nafasi tupu.

Nikilitazama jambo hili kwa jicho la mtu wa hesabu, napata mashaka ambayo tabasamu la mwalimu haliwezi kuyaondoa. Mfanyabiashara anayeamini kweli kwamba shamba lake litazaa huanza kwa kupima mipaka na kuchukua hati. Kituo kinachosema kwenye bango kwamba kinapeleka vijana Ulaya, lakini hakitunzi ile karatasi pekee ambayo ingekilipa siku kijana mmoja akifika Ulaya, kwa vitendo kinasema kwamba hakitarajii yeyote afike. Mapato yake halisi ni shilingi 35,000 za wazazi. Si dhambi kuishi kwa ada, na mazoezi haya yanastahili ada hiyo; ila bango lingesema hivyo.

Mashaka hayo yaliongezeka ulipotangazwa kwetu "mpango wa majaribio ya nje". Wazazi wa wavulana wa miaka 14 hadi 16 tuliitwa kikao, akaletwa bwana mmoja aliyetambulishwa kama wakala, akatueleza kwamba kwa shilingi milioni 1.2 za kuanzia mtoto ataandaliwa barua ya mwaliko na kupelekwa kwenye majaribio katika klabu ya Ulaya, na akifaulu atabaki huko huko. Alikuwa na maneno matamu na suti nzuri. Nilimuuliza mambo mawili tu. La kwanza lilikuwa leseni yake, kwa kuwa tangu Oktoba 2023 anayefanya kazi ya uwakala katika uhamisho wa kimataifa anatakiwa awe amefaulu mtihani wa FIFA na kupewa leseni, na jina lake linaweza kutafutwa na mtu yeyote kwenye orodha ya FIFA yenyewe. Alisema leseni yake ipo kwa mshirika wake. La pili lilikuwa kifungu cha 19 cha kanuni za usajili na uhamisho, kinachokataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Mianya iliyopo ni michache, na maarufu zaidi ni mzazi kuhamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira; mwanya wa miaka 16 hadi 18 ni wa uhamisho ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, na hautokei Mwanza. Alisema sheria zina njia zake.

Zipo kweli, na mzazi anapaswa kuzijua kabla ya kuuza ng'ombe. Njia moja ni mtoto kuachwa katika mji wa kigeni klabu ikishamkataa, bila tiketi ya kurudi. Nyingine ni ya kucheza na cheti cha kuzaliwa, ambayo kwetu ina jina lake kabisa, vijeba. Katika kikao hicho ilidokezwa, kwa sauti ya chini na kwa mzaha, kwamba mtoto "akipunguzwa kidogo" anakaa sokoni muda mrefu zaidi. Mpenzi wa soka wa Tanzania hapaswi kulicheka hilo, maana Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikwenda AFCON ya vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa sababu mchezaji wao hakufika kwenye kipimo cha umri. Kipimo hicho ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009, na mfupa haudanganyiki kwa cheti kipya. Kwa haki ya mwalimu mkuu, niseme kwamba hakushiriki mzaha ule, na siku iliyofuata alinifuata akaniambia, "Mama, mimi nafundisha tu, hayo ya safari si yangu." Nilimwamini, ingawa bango linabeba sura yake pamoja na ya Samatta.

Na huyo Samatta wa kwenye bango hakupita njia inayouzwa kikaoni. Alicheza African Lyon, akaenda Simba, akanunuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akakaa huko hadi kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, na ndipo Januari 2016, akiwa na miaka 23, akaingia Genk ya Ubelgiji. Aston Villa alifika Januari 2020. Kila hatua ilikuwa usajili wa klabu kwa klabu, na kila hatua ilianzia kwenye mechi za ligi zilizoonekana na watu. Kituo kingekuwa na faida kubwa kwa wazazi kama kingeeleza ngazi hiyo kwa ukweli wake: kwamba kijana wa Mwanza hutazamwa kwanza kwenye UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, na kwenye ligi za wilaya na mkoa, kisha timu za vijana za klabu, na kwamba kurejea kwa Pamba Jiji katika Ligi Kuu msimu wa 2024/25, baada ya zaidi ya miaka 20 nje, kumeleta ngazi hiyo mlangoni petu, Kirumba, bila haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Ingefaa pia waseme kwamba Ligi Kuu ina timu 16 tu, na kwamba klabu inaruhusiwa kusajili wageni hadi 12, kwa hiyo nafasi za wazawa ni chache hata kwa walio wazuri. Mwanangu anayajua hayo yote na bado anataka; sina sababu ya kumzuia, mradi hesabu na Kiswahili visishuke.

Hapo kwenye shule kituo kinarudi kwenye sifa zake. Ripoti ya muhula hudaiwa, mwenye alama zilizoporomoka huzuiwa mechi hadi mzazi aje, na nimeona mshambuliaji wao tegemeo akikaa benchi kwenye mashindano kwa sababu ya somo la Fizikia. Sijui kituo kingine hapa mjini kinachothubutu kufanya hivyo.

Nimelipia muhula unaofuata wa mazoezi na sikulipia majaribio ya nje. Kati ya wazazi waliokuwa kikaoni, baadhi walilipa, na hadi ninapoandika haya barua ya mwaliko haijaonekana. Uongozi umeniambia kwamba umeanza kuzungumza na klabu moja ya daraja la wilaya ili watoto wasajiliwe chini yake, jambo ambalo likifanyika nitaongeza nyota. Kwa mzazi wa Pasiansi, Kirumba, Kitangiri au Bwiru mwenye mtoto wa miaka 10 hadi 14 nakipendekeza kituo hiki bila kusita. Kwa anayetoka Buhongwa au Kisesa, kubadilisha daladala jioni humfikisha mtoto nyumbani usiku akiwa hana nguvu ya kushika daftari, na ni afadhali kutafuta cha karibu hata kama mwalimu wake ni wa kawaida. Kwa golikipa, hapana. Kwa kijana aliyefikisha miaka 16 na anayeonekana kuwa na kiwango, ningemtafutia timu ya vijana ya klabu iliyosajiliwa kabla dirisha la usajili halijafungwa. Anayetaka kuuliza nafasi aende Jumamosi asubuhi baada ya mazoezi, kwa kuwa simu ya ofisi haipokelewi, na aombe kuonyeshwa barua ya usajili wa klabu kabla ya kulipa ada ya kuingia.